Watu wa Ziwa

Nilipokuwa mtoto, swali nililoliogopa kuliko fimbo ya mwalimu ni lile ambalo wazee wa Mwika humuuliza kila mtoto wanayekutana naye njiani: "Wewe ni wa nani?" Wenzangu walijibu kabla swali halijaisha, jina la baba na la ukoo, mzee akaridhika na kwenda zake. Mimi nilijibu, "Nakaa kwa Bibi Anasia." Mzee akasema, "Aa, kwa Anasia," halafu akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kukaa mahali si kuwa wa mahali, na hilo sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Mama alinizaa akiwa bado kwao, akaninyonyesha, akaniachisha, kisha akashuka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Jina la baba yangu halikutajwa ndani ya nyumba ile hata kwa bahati mbaya. Shuleni niliandikishwa kwa jina la babu mzaa mama, marehemu, nami nililitumia kwa tahadhari, kama mtu aliyeazimwa sweta. Watoto wa mjomba hawakuwa wabaya, lakini tukigombania hata parachichi lililoanguka lenyewe, walinikumbusha kwamba kihamba kile, yaani shamba la urithi tulilokaa, na migomba yake na kahawa yake, ni cha baba yao. Nyumba ilijaa watu, nami nilikuwa mpweke humohumo ndani.

Nikiwa darasa la tano, usharika wetu ulipanga kuwapeleka watoto wa sande skuli kambini, likizo ya mwezi wa sita, kando ya ziwa dogo lililo juu kabisa, ndani ya msitu wa hifadhi. Si ziwa ambalo watalii wanalijua. Mahema tuliazimwa na baba yake Haika, rafiki yangu, ambaye alikuwa mpagazi wa mlimani, na yalinuka mafuta ya taa na soksi za Wazungu. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Bibi hakufurahi. Nilimkuta akimenya ndizi, nikamweleza habari yote, naye akaendelea kumenya.

"Lile ziwa si la kuendewa hivihivi," akasema. "Mgeni akifika anasimama mbali na maji, anajitaja. Jina lake, baba yake, ukoo wake. Ndipo anasogea. Asipojitaja, ziwa linajifunika ukungu, na hataliona mpaka aondoke."

"Kila mtu, Bibi?"

"Kila mtu isipokuwa wenyewe. Kuna watu wa juu kule, wanaopakana na msitu. Ziwa ni lao tangu wazee wao. Hao hawajitaji. Hata wakinyamaza linawafungukia."

"Sasa mimi nitasema ni wa nani?"

Aliangalia ndizi iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba ndiyo iliyouliza.

"Wewe kaa nyuma ya wenzako," akasema. "Ila usije ukalidanganya. Ziwa halidanganywi."

Tulipanda kutwa nzima, kwanza katikati ya migomba, kisha msituni, ambako mbega walitupigia kelele na matope yakatuvua viatu. Aliyetuongoza alikuwa Mwalimu Onesmo wa sande skuli, mtu mnene, mcheshi, aliyeimba tenzi kwa sauti kubwa ili tusisikie uchovu wetu. Tulipofika ziwani jua lilikuwa bado lipo, lakini mwanga wake ulikuwa umekwisha nguvu. Nililiona ziwa kwa mbali tu, kati ya migongo ya wenzangu, maji meusi yaliyotulia.

Kumbe kila mtoto alikuwa ameambiwa kwao maneno yaleyale niliyoambiwa na Bibi. Hakuna aliyesogea. Walijipanga mstari bila kuambiwa, wakaanza kujitaja mmoja mmoja. Mwalimu Onesmo akacheka, akatuambia kwamba Mungu ndiye aliyeliumba ziwa na Mungu haulizi ukoo. Baada ya kusema hivyo akasafisha koo, akajitaja na yeye. Alimtaja mpaka babu yake.

Zamu yangu ilifika. Nilifungua mdomo. Haika, aliyekuwa mbele yangu, akageuka akaninong'oneza, "Sema wewe ni wa kwetu." Alinionea huruma, na nilimpenda kwa hilo, lakini Bibi alikuwa amenikataza kudanganya. Nilifunga mdomo nikarudi nyuma ya mstari. Nadhani nisingekuwa nimefungua mdomo kwanza, wengi wasingegundua.

Hatujamaliza kusimamisha hema la pili, ukungu ukashuka. Ulitoka juu msituni ukapita katikati yetu, ukaenda kukaa juu ya maji. Ziwa likapotea. Hata mti uliokuwa hatua chache kutoka kwetu ukapotea.

"Ni Manka," mvulana mmoja akasema. "Hakujitaja."

"Atajitaja nini?" mwingine akajibu. "Hana kwao."

Mwalimu Onesmo aliwakemea sana, akawaambia wanaongea kama wapagani. Lakini kukemewa hakukufuta kitu, kwa maana ukungu ulikuwa palepale na kila mtu aliuona. Jioni ile Haika alihamisha blanketi lake kwenye hema lingine. Alisema kule kuna joto zaidi. Sikumlaumu hata wakati ule, lakini nimekutana na maumivu mengi tangu siku hiyo, na machache yamenishika pale pale kama yale ya kumwangalia Haika akikunja blanketi lake taratibu, asinitazame.

Siku iliyofuata ukungu haukuondoka. Walicheza rede bila kuuona mpira, wakaimba, wakasimulia hadithi. Mimi nilikaa kwenye mafiga, nikikoroga uji na kupasha kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage ambazo kila mama alimfungia mwanawe. Aliyekuja kuchukua chakula alichukua akaondoka. Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningekuwa na la kujibu.

Asubuhi ya kuondoka Mwalimu alitaka maji ya kuoshea vyombo. Akasema waende watoto wawili. Wakatazamana. Nikachukua ndoo, nikaenda peke yangu.

Nilifuata sauti ya matope chini ya miguu yangu mpaka nikaona ukingo. Nilisimama mbali kidogo, kama nilivyofundishwa, ingawa sikuwa na cha kusema. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Sikujitaja, sikuomba, sikusali hata. Nilisimama tu na ndoo yangu.

Ukungu ukanyanyuka. Haukutawanyika, ulinyanyuka wote kwa pamoja, kama mtu anavyoinua kitambaa juu ya chungu kuangalia kama chakula kimeiva. Nikaliona ziwa lote. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba lilikuwa dogo. Ng'ambo ulikuwapo mti mweupe uliolalia majini, na upande wa kushoto, karibu na ukingo, jiwe moja jeusi lenye mgongo kama wa ng'ombe aliyelala. Bata wawili walikuwa wakiogelea bila haraka. Lilikuwa zuri, nami sikuwa na furaha. Nilitaka mtu. Nilitaka mtu yeyote, hata yule mvulana, awe amesimama pale kando yangu, aone kwamba mimi ninaona.

Nilirudi mbio, maji yakimwagika. "Limefunguka!" nikapiga kelele. Wakakimbia wote, na Mwalimu na tumbo lake nyuma yao. Walipofika, ukungu ulikuwa umeshakaa mahali pake.

"Mwongo," Haika akasema. Alisema kwa sauti ya chini, karibu kwa upole.

Bibi nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Nilimwamkia, nikamwambia yote pale pale, hata kabla ya kutua mzigo. Aliposikia sehemu ya asubuhi, alisimama na mundu wake.

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Hata jina?"

"Hata jina, Bibi."

"Ukaona nini?"

Nikamweleza habari za mti na jiwe. Bibi akaketi chini juu ya majani aliyokuwa ameyakata. Nilidhani amekasirika. Kisha akanivuta, akanifuta matope usoni kwa ncha ya kanga yake, akasema nisimwambie mjomba.

Jumapili, baada ya ibada, hatukurudi nyumbani. Alikuwa ameficha kwa jirani mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa. Alisema mkono mtupu haulambwi, akajitwika mkungu, mimi nikabeba kibuyu, tukapanda tukiwa na nguo zetu za kanisani. Tulipita shule ya mwisho na duka la mwisho, mpaka kwenye nyumba ambayo nyuma yake hakuna kitu ila msitu. Mzee mmoja mrefu alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichambua kahawa iliyoanikwa juu ya kichanja.

"Shikamoo, meku," nikasema, kama tunavyowaita wazee kwetu.

"Marahaba." Hakuniuliza ni wa nani.

Bibi hakuzunguka. "Watoto walikwenda ziwani," akasema. "Wote walijitaja, huyu alinyamaza. Limemfungukia peke yake."

Mzee aliendelea kuchambua kahawa. Halafu bila kuinua uso akaniuliza, "Jiwe umeliona?"

"Nimeliona."

"Liko upande gani?"

Nikanyoosha mkono kushoto. Alinyanyua macho, akautazama mkono wangu ule kwa muda, vidole na kiganja, mpaka nikaona haya nikaushusha. Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Tulisubiri. Mawingu yalianza kujikusanya. Mwishowe akatoka mwanamke kijana, binti wa nyumba ile, na kikombe cha maziwa ya moto. Alinipa mimi.

"Baba amesema mtoto anywe," akamwambia Bibi. "Na msije mkanyeshewa."

Nikanywa. Mwanamke yule alinitazama nikinywa mpaka nikamaliza, akapokea kikombe, akapokea na ndizi zetu na kibuyu. Tukashuka.

"Amekubali," Bibi akasema tulipofika njiani.

"Mbona hajasema kitu?"

"Angekataa angesema. Yule mzee namjua, kukataa anakujua sana." Akacheka peke yake, akaacha kucheka.

Sikumuuliza wale ni nani. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga, na nilijua kwamba nikiuliza nitajibiwa, na mama alikuwa amekula kiapo jina lile lisitajwe. Nilimshika Bibi mkono, ingawa nilishakuwa mkubwa wa kushikwa mkono, naye akauacha.

Leo nafanya kazi Moshi mjini, katika ofisi inayopeleka wageni mlimani, na ukungu ni sehemu ya mazungumzo yangu ya kila siku. Najua kwamba msituni kule asubuhi na mapema hunyanyuka kidogo, kisha hurudi. Mtoto yeyote angetumwa maji saa ile angeliona ziwa, awe na ukoo au asiwe nao. Nalijua hilo na halinisumbui. Kinachonirudia ni Bibi. Neno la mama yangu lilipelekwa kwenye nyumba ile nikiwa bado tumboni, likakataliwa, na neno la Bibi lisingepokelewa vizuri zaidi. Kwa miaka yote alikuwa akitafuta shahidi ambaye mzee yule hawezi kumwita mwongo. Mimi nilirudi kutoka kambini na mashtaka ya uongo, yeye akasikia ushahidi.

Bibi aliamini kwamba ilitosha. Haikutosha. Namwambia hivyo hata sasa nikienda kufyeka majani kaburini kwake. Mzee hakushuka kuja kwetu, wala hakutuma mtu. Kikombe kile cha maziwa ndicho kitu pekee nilichopata kwa upande wa baba yangu, na kwa miaka mingi nilikuwa nikikikumbuka kwa njaa na kwa hasira, vyote pamoja.

Mzee yule alipofariki nilipata habari kwa watu. Nilipanda, nikasimama nyuma kwenye maziko, kati ya watu nisiowajua. Baada ya kaburi kufunikwa msemaji aliwaita watu waweke maua. Waliitwa watoto. Mmoja wa wanawe, mwenye mvi kidogo, aliyekuja kutoka mbali, alikuwa na mikono ambayo niliitambua, nikaangalia kwingine. Waliitwa wakwe. Wakaitwa wajukuu, nao walikuwa wengi, wamevaa fulana zenye picha ya mzee, wakipeana njia. Miguu yangu ilitaka kwenda. Nilibaki. Walipoitwa majirani na marafiki nikaenda nao, nikaweka ua langu pale nilipopata nafasi.

Watu walipoanza kutawanyika, yule mwanamke aliyenipa maziwa, ambaye sasa ni mama mtu mzima, alikuwa amesimama mlangoni akiwapa watu mikono. Alinishika mkono wangu.

"Asante kwa kuja, mwanangu. Umetoka mbali?"

"Hapana, shangazi," nikasema. "Ni hapa Moshi tu."

Sijawahi kumwita mtu mwingine hivyo maishani mwangu. Hakunisahihisha, wala hakuniuliza kwa nini. Aliendelea kunishika mkono, mstari ukisubiri nyuma yangu.

"Basi usiondoke na njaa," akasema. "Kaa ule."

Nikaketi kwenye benchi, nikaletewa sahani, nikala chote. Halafu nikalia, wala hakuna aliyenishangaa, kwa sababu msibani kila mtu anaruhusiwa kulia.