Mamangu Alipoacha Samaki

Ngozi yangu ilianza kunisumbua baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili. Kwanza ilikuwa kwenye mikunjo ya viwiko, ukurutu mdogo niliodhani ni wa joto. Kisha ukapanda shingoni, ukashuka mikononi mpaka katikati ya vidole. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Msambweni, na mikono ndiyo kazi yangu. Vidole vikipasuka, damu huacha alama kwenye kitambaa. Kuna kanzu nyeupe ya bwana harusi niliyoifua na kuifua, doa halikutoka, ikabidi nianze kuishona upya wakati wenyewe wameshaanza kupika pilau.

Daktari wa ngozi, mama mmoja mpole, aliniambia ni pumu ya ngozi. Akaniandikia mafuta ya kupaka. Nikamwuliza itapona lini.

"Hii haiponi, dada," alisema. "Hutulia, ikarudi, ikatulia tena. Utajifunza kuishi nayo."

Nikamwuliza kuhusu chakula, kwa kuwa kila mtu alikuwa akinieleza la chakula. Akasema baadhi ya watu huwa na kitu kinachowachokoza. "Ukikishuku kimoja, kiache kwa muda, kisha ukirudishe uone. Lakini usiache vyote kwa pamoja."

Nikaviacha vyote kwa pamoja. Mtu ambaye hajawahi kujikuna mpaka shuka zikashikana na mwili hawezi kunielewa. Wateja wangu walikuja kupimwa madera, wakiiona mikono yangu, kila mmoja ana lake. Acha biringanya. Acha mayai. Huyo ni pweza huyo, amekukaa mwilini. Jirani yangu aliyehamia kutoka bara akaniambia niache nyanya na maziwa. Nikabaki na viazi vitamu na mchicha wa kuchemsha. Mume wangu alikula peke yake upande wa pili wa mkeka, macho chini, kama mtu anayefanya jambo la aibu.

Cha mwisho kuacha kilikuwa samaki. Nimezaliwa Mkwiro, kule mwisho wa kisiwa cha Wasini, na mamangu angali anaishi huko. Kila alipopata mtu wa kuvuka kuja Shimoni aliniletea samaki aina ya changu, wa kukaanga, wamefungwa vizuri, bado wananukia ndimu. Nikampigia simu.

"Mama, usiniletee samaki tena. Nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

Nikababaika. "Na ngozi."

"Samaki umemla tangu u tumboni mwangu," alisema. Kisha akasema, "Haya. Mola akuafu."

Na kweli ngozi ikatulia. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na joto limepungua, lakini mimi sikuifikiria mvua, nilimfikiria samaki. Nikavaa mikono mifupi nikatoka nayo dukani. Nikampigia tena mamangu kumweleza, naye akapiga kigelegele peke yake kule kisiwani, nikakisikia chote simuni.

Mvua zikaisha. Idi ilipokaribia, nguo za watu zimejaa mezani, ukurutu ukarudi, na safari hii mpaka kwenye kope za macho. Nilikuwa sijatia samaki mdomoni, wala yai, wala nyanya. Nilikaa kitandani nikajiuliza niache nini tena. Palikuwa pamebaki chumvi na maji.

Siku hizo hizo kakangu akanipigia kutoka Mkwiro. "Njoo umwone mama," alisema. "Amekonda."

Nilimkuta uani anachambua kunde. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akainua mkono kunipokea, na bangili ikateleza kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko. Mchana akatuandalia. Kakangu aliwekewa wali na tafi wa nazi. Mimi na mamangu tulikula muhogo na kunde.

"Mama, mbona wewe huli samaki?"

Kakangu ndiye aliyejibu, bila kuniangalia. "Ameweka nadhiri."

"Nilimwambia Mola wangu," mamangu akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi, "sitatia samaki kinywani mpaka mwanangu apone. Wewe unanyimwa, mimi nile? Atanishukaje kooni?"

Alikuwa ameiweka siku ile ile nilipomwambia asiniletee, na hata ngozi ilipotulia hakumla, akisema kutulia si kupona. Pale Mkwiro ardhi ni mawe, mboga nyingi huvuka na mashua, na samaki ndiye chakula cha kila nyumba. Mwanamke wa makamo yake akiacha samaki, hubaki na muhogo na chai kavu.

"Mama, daktari amesema ugonjwa huu hauponi."

"Daktari ni binadamu."

Nilikuwa nimevaa buibui, mikono imefunikwa mpaka vidoleni. Nikamwambia, "Lakini mimi nimeshapona, Mama. Unaweza kula." Akaushika mkono wangu, akaikunja nguo taratibu mpaka juu ya kiwiko, akatazama. Kisha akaishusha vile vile taratibu.

"Usinidanganye katika mambo ya Mungu," alisema.

Kakangu alikwenda kuuliza kwa ustadhi wao. Akaambiwa iko kafara: mtu akishindwa na nadhiri yake, alishe maskini, na inamwondokea. Tukamweleza mamangu, tena kwa furaha, maana tulijua chakula cha kafara tungekitoa sisi. Akatusikiliza mpaka mwisho.

"Kafara ni ya aliyeshindwa," alisema. "Mimi sijashindwa."

Nilirudi kwa daktari nikamsimulia yote. Hakucheka. Alinipima uzito, akatikisa kichwa, akaniambia nianze kurudisha chakula, kimoja kimoja, nitulie na kila kimoja kabla ya kingine. Nikaanza na samaki. Nilikula nikangoja mwasho kama mtu anayengoja kupigwa. Haukuongezeka, wala haukupungua. Mayai vile vile. Nyanya vile vile. Kamba peke yake ndiye aliyenivimbisha midomo, na kamba hata sikuwa nikimla sana. Samaki hakuwa na kosa lolote. Nilikaa mbele ya cherehani nikalia, na sikujua kama ni kwa ajili yangu au ya mamangu.

Nikampigia. "Mama, si samaki. Samaki hana neno."

"Basi kula, mwanangu. Kula ushibe."

"Na wewe?"

"Umepona?"

Nilikuwa nikijikuna shingo.

"Haya," alisema, akaniulizia wajukuu.

Mwezi uliopita alikuja kukaa nasi. Asubuhi ya pili akaniondoa jikoni, akaagiza samaki mwenyewe, akakuna nazi mwenyewe. Mchuzi ulipochemka akachota kwa upawa, akanigeukia.

"Onja chumvi."

Nikaonja. Ilikuwa imepungua kidogo, nikamwambia, akaongeza, nikaonja tena. Yeye mkono wake uliodondokewa na mchuzi hata hakuulamba, aliufuta kwa leso.

Tulipokaa kula alijipakulia mchicha. Shingo ilikuwa ikiniwaka chini ya mtandio na nilikuwa nimejizuia kujikuna tangu alfajiri ili asione. Alikuwa akinitazama ninavyokula, uso umemkunjuka, na niliona wazi kwamba ana raha. Nilitaka kuisukuma ile sahani mbele yake. Nilitaka kuacha kula. Sikuweza lolote kati ya hayo, basi nikala. Sahani ilipokaribia kuisha, akainama kwenye sufuria akanitafutia kichwa, kile kipande ambacho enzi zote kilikuwa chake, akaniwekea juu ya wali.