Kadi ya Enid na Ronnie

"Kadi imeisha, sawa. Sura yangu nayo imeisha? Hebu niangalie vizuri! Huyu hapa kwenye picha ni nani, shangazi yako?"

Enid Thackray alikuwa amesimama katikati ya behewa, mkono mmoja kiunoni, mwingine unampepea kondakta kadi puani. Treni yetu ya kutoka Dewsbury ilikuwa imepita York, inakwenda Scarborough, na watu wote walikuwa wametega masikio. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yake na pakiti yangu ya krispi za viazi, nikaacha kutafuna. Krispi zina kelele, na sikutaka linipite neno.

Enid namjua. Tumepika pamoja jikoni mwa shule ya msingi pale Dewsbury mpaka vidole vyetu vimefanana. Ni mwanamke wa kusawazisha kijiko cha sukari kwa kisu, asizidishe hata chembe. Kadi aliyokuwa akiipepea ni ile ya punguzo ya watu wawili: nyuso mbili kwenye kadi moja, mkisafiri pamoja mnapunguziwa theluthi ya nauli. Mmoja akisafiri peke yake, hapati kitu. Uso wa kwanza ni wa Enid. Wa pili ni wa Ronnie, mtalaka wake.

Ndiyo, mtalaka. Waliachana zamani, wakagawana vijiko, wakagawana mapazia, lakini kadi haigawanyiki. Binti yao Lorraine anaishi Scarborough, na kila mwezi Jumapili moja huwaita kula nyama ya kuoka. Nani Dewsbury atakayetupa theluthi ya nauli kwa sababu tu hampendi aliyekaa naye? Basi wakapatana: mwaka huu kadi ananunua huyu na kuitunza, mwaka ujao yule. Huu ulikuwa mwaka wa Ronnie. Enid alinunua tiketi kwenye mashine, akabonyeza alama ya watu wawili kama kawaida, na kadi akaitoa Ronnie mfukoni kondakta alipofika. Ilikuwa imekufa wiki tatu nyuma.

"Bi Thackray, tafadhali kaa," kondakta akasema. Msichana mrefu, hijabu ya buluu, sauti ya upole.

"Jina langu umelijuaje?"

"Nani asiyekujua? Nilisoma pale shuleni kwenu. Mimi Samina, wa duka la vitambaa."

Enid akageuka asali. "Samina! Mwanangu! Hebu ona ulivyokua! Mama hajambo? Basi haya yameisha, mpenzi. Weka alama kwenye tiketi yangu uende zako, una kazi nyingi."

"Siku moja nilikuambia tumbo linaniuma, siwezi kumaliza kabichi. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Enid akatazama nje. Kondoo walikuwa wengi kule nje.

Ronnie ndiye aliyejibu, ng'ambo ya njia. Huwa hawakai kiti kimoja, wanaweka njia katikati. "Alikuambia hakuna pudini mpaka kabichi iishe. Mimi kaniambia hivyo ndoa nzima."

"Nilikaa pale mpaka kengele ikalia," Samina akasema. "Kastadi yangu ikaota ngozi. Sheria ni sheria, ulisema, nikikuachia wewe nitawaachia wote."

Kicheko kikanitoka puani pamoja na kipande cha krispi. Enid akanikata jicho.

Hapo Ronnie angenyamaza, angebaki salama. Lakini Ronnie anafanya kazi kiwanda cha vitanda, na nadhani akili yake imezoea kulala. Akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa kadi nyingine, mpya, inang'aa.

"Mimi niko sawa, binti. Nimetimiza sitini mwezi uliopita. Hii ni ya wazee."

Enid alimwangalia kama mtu aliyekuta panya kwenye unga. Yeye ana hamsini na saba, kadi ya wazee bado haimhusu.

"Umejinunulia yako," akasema, safari hii polepole. "Yetu ukaiacha ife, ukajinunulia yako."

"Nilikuwa..."

"Ukakaa hapo tangu Dewsbury unakunywa chai yangu. Chai yangu, Ronnie! Na kadi yako kifuani!"

Samina akaichukua ile kadi, akaitazama, akaitazama tiketi. "Pole, mzee. Tiketi hii imenunuliwa kwa punguzo la watu wawili. Kadi ya wazee haiifai. Wote wawili mna faini."

Nisiseme uongo, nilifurahi. Hata Enid alifurahi, kwa muda wa kupiga chafya. Kisha akapewa karatasi yake: pauni hamsini kila mmoja wakilipa mapema, na nauli kamili juu. Samina alipomaliza kuandika akamwinamia Enid. "Kabichi yenyewe ilikuwa nzuri," akasema, akaenda zake.

Enid akafunga chupa ya chai, akaiweka upande wa dirishani, mbali na Ronnie. Mgongo wake nikauona umelegea. Mimi najua nyumbani kwake kuna nini: kuna redio tu. Jumapili hiyo moja ya mwezi anaanza kuipigia pasi blauzi tangu Jumatano. Ronnie akiwa na kadi yake ya wazee, hana haja tena ya kukaa karibu na mtu. Faini Enid angeilipa. Kilichomuuma hakikuwa faini.

Tulipopita Malton akasema, bila kugeuka, "Ungeniambia tu umechoka nami."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema nini?"

"Safari ya mwezi wa tano. Ulisema hii ndiyo mara ya mwisho kunusa soksi zangu hadi baharini."

"Ronnie, hayo nayasema kila safari!"

"Safari ile ulisema taratibu. Hukupiga kelele. Nikadhani umemaanisha."

"Mjinga wewe."

"Najua."

"Na soksi zinanuka kweli."

"Najua, Enid."

Enid akamsukumia chupa ya chai.

Scarborough hawakutoka stesheni moja kwa moja. Niliwafuata, sikuwa na haraka. Waliingia kibanda cha picha, mmoja baada ya mwingine, nikamsikia Enid akiwa nje ya pazia: "Vua miwani! Usicheke, utafanana na mtu mwenye deni!" Kisha dirisha la tiketi. Yule kijana wa ndani akamwambia Ronnie, "Lakini mzee, una kadi ya wazee. Hii haitakuongezea punguzo lolote. Utapoteza pesa bure."

"Nipe hiyo ya wawili," Ronnie akasema. "Nadaiwa. Huu ni mwaka wangu."

Akahesabu noti, na sarafu za mwisho akazichokoa kwenye mshono wa koti. Enid hakumsaidia hata senti, alisimama tu na mkoba wake kifuani. Kadi ilipotoka, akaichukua yeye, akaifuta kwa mkono wa blauzi na kuitia mkobani.

"Sasa hatudaiani," akasema. "Twende, nyama inapoa."