Uunsi Ndani ya Nyumba ya Miche

Haya sijamwambia hata dada yangu ninayelala naye kitanda kimoja, kwa sababu kila nikifungua mdomo uso unawaka moto, lakini daftari halicheki, basi wacha niseme: miche ya nyanya ya Eedo Shamsa niliipika mimi, kwa mikono yangu, mchana kweupe, na nilidhani naipendezesha.

Eedo Shamsa ni mpishi wetu shuleni (sote tunamwita eedo, yaani shangazi, hata tusio na undugu naye). Mto Tana ulipofurika ulibeba shamba lake lote la ukingoni, na mbegu zilizobaki, kikopo kimoja tu, alimletea Mwalimu Mutua wa Kilimo amwoteshee katika nyumba ya miche tuliyojenga nyuma ya bweni. Nyumba yenyewe ni ya karatasi ya plastiki, ila ukuta unaotazama upepo ni wa makaa yaliyobanwa kati ya waya za kuku, na juu yake kuna bomba lenye matundu linalodondosha maji mchana kutwa. Upepo wa Garissa, ule unaochoma macho, ukipita kwenye makaa yaliyolowa unaingia ndani umepoa, unazunguka miche, halafu unatokea dirisha la upande wa pili. Ni hivyo tu. Niliandika maelezo hayo kwenye mtihani nikapata alama zote (ndiyo maana aibu yangu ni mara mbili).

Ijumaa ile wazazi walikuwa waje kuiona baada ya swala, na kesho yake Eedo achukue miche akapande kabla udongo wa mto haujakauka. Mwalimu akanipa mimi ufunguo, eti kwa sababu sina kelele.

"Hodan, kazi yako ni maji tu. Yasikatike."

Maji hayakukatika. Lakini nilipoingia nikasikia makaa yananuka tope na ukungu, nikawaza, wageni waingie kwenye uvundo huu? Kwetu mgeni hapokelewi hivyo. Mama hufunga madirisha, anaweka uunsi, ule ubani wetu wa sukari, juu ya chetezo, moshi unashika mapazia, ndipo mgeni anakaribishwa. Basi nikakimbia jikoni nikaazima chetezo cha Eedo, nikakiweka katikati ya miche na moto wake, nikateremsha turubai la dirisha ili harufu isitoroke, nikafunga mlango. Dakika kumi tu, nikajiambia.

Kutoka nje, wageni hao, wamewahi. Naibu wa mwalimu mkuu akaniona: "Wewe msichana, kuja ugawe chai!" Nikagawa. Hotuba zikaanza, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mimi nimekaa nyuma nikitazama lile turubai, nikijua kabisa kwamba hakuna upepo unaopita, na bila upepo yale maji hayapozi kitu, yanatoa mvuke kama sufuria iliyofunikwa. Kilichotakiwa ni kusimama na kuomba ruhusa. Nilisimama nusu. Wazee wawili wakageuka kunitazama, nikakaa (nikajifanya natengeneza hijabu).

Mwishowe Mwalimu Mutua akatuongoza, anatabasamu hadi magego yanaonekana. "Karibuni muonje baridi ya kwetu milimani!" Akafungua mlango. Wallahi, likatoka joto la tanuri limebeba moshi mtamu, miwani ya mzazi mmoja ikaingia ukungu, akarudi nyuma akikohoa.

"Mwalimu," mzee mmoja mwenye ndevu za hina akasema, "hii ni shamba ama mmefungia bibi arusi hapa?"

Wakacheka wote, wavulana wa kidato cha nne wakashikana wasianguke. Mwalimu hakucheka. Miche ilikuwa imelala juu ya udongo kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa.

Naibu akakiinua chetezo. "Hiki si cha jikoni? Mama Shamsa, ulikuwa unafanya nini humu?"

Eedo alikuwa amechuchumaa, anainua shina moja kwa kidole, linaanguka, anainua tena. "Mimi? Mimi nilikuwa nabika chai yenu," akasema (p kwake hutoka b). Akanitazama mara moja. Alijua alimpa nani, na hakunitaja.

"Ni mimi," nikasema, lakini hakuna aliyesikia, ikabidi nirudie, na mara ya pili sauti ikatoka kama ya mbuzi aliyekanyagwa. "Ni mimi! Nilifunga dirisha!"

"Kumbe huyu anaongea!" mvulana mmoja akapiga kelele, na kicheko kikaanza upya.

Jioni nilimfuata Eedo jikoni kuomba radhi. Hakuacha kusugua sufuria.

"Naayaa, wewe msichana, kwa uunsi ulitaka kuheshimu wageni. Hiyo sina neno. Lakini ulibokaa pale, ulijua?"

"Nilijua, eedo."

"Ukakaa."

"Nikakaa."

Akamwaga maji, basi. Mbegu nyingine hana, na udongo wa mto umeanza kupasuka. Kila asubuhi ananijazia uji sawa na wenzangu, hata tone halipunguzi, na mimi naunywa nikiangalia chini. Nimeapa: nikijua kitu kinaungua nitasimama wima niseme, nitetemeke nikitetemeka, na wanaotaka kugeuka wanitazame wageuke.