Aleyamma, Mwonjaji wa Jarida, na Tui Lililokatika

Saa tano kasorobo asubuhi. Katika jiko la jarida la Mullapoo, ghorofa ya pili mjini Kottayam, Aleyamma Kuriakose anatazama karatasi kwa jicho moja na sufuria kwa jingine.

"Wameandika tui lote litiwe kwa pamoja, lichemke dakika ishirini," anasema. "Haya. Lote ni lote."

Anamimina. Ni payasam, uji mtamu wa sikukuu ya mavuno ya Onam, vipande vya unga wa mchele ndani ya sukari guru, na picha yake ndiyo iliyopamba jalada. Saa sita kamili ukurasa unakwenda mitamboni. Kesho jarida pinzani, Nilavu, nalo linatoka, na atakayechelewa kufika kwenye vibanda vya stendi imekula kwake.

Aleyamma, mjane wa miaka 58, hupika kila pishi lililotumwa na wasomaji kabla halijachapishwa. Analipwa rupia 250 kwa pishi moja, na hupika kilichoandikwa, si anachokijua.

"Nikiingia humu, akili yangu naiacha mlangoni na ndala," anasema. "Bibi harusi wa juzi hana akili yangu, ana karatasi tu."

Ila wiki hii wakubwa wamemwambia jiko litafungwa baada ya Onam. Mbona Nilavu hawana jiko, wanasema, na wanauza nakala laki moja na nusu bila kuonja hata chumvi?

Dakika ya kumi na mbili, tui linakatika. Mafuta juu, mabonge chini.

"Yesu wangu!" Anazima moto, anaishika sufuria kwa vitambaa viwili na kushuka nayo ngazi mpaka mezani kwa mhariri wa kurasa, Gopakumar.

"Kaka Gopakumar, nani kaikata barua ya yule mama wa Palakkad aliyetuma pishi hili?"

"Mimi. Tangazo la bangili za dhahabu limekuja kubwa, nikapunguza mistari mitatu. Kwani tui si tui?"

"Tui si tui! Jepesi ndilo linalochemka, la katikati linafuata, zito linaingia moto ukishazimwa. Mkeo hajakwambia?"

"Mke wangu huniambia nitoke jikoni."

Ofisi nzima inaangua kicheko, isipokuwa mhariri mkuu, Sreedevi Nambiar. Anachovya kijiko, anaonja, anakunja uso.

"Nakala laki moja na elfu sitini," anasema taratibu. "Siku ya Onam, wakwe wameketi mbele ya chakula kwenye majani ya mgomba, wanasubiri kitamu. Wangetutafuna sisi!"

Saa tano na dakika kumi. Sreedevi anampigia simu mwenye duka la dhahabu.

"Bwana, nakuomba nafasi ya vidole viwili tu. Toa bangili moja, zitabaki tano."

Watu wanamtazama usoni. Mara anainua dole gumba, na lo, vifijo! Gopakumar anairudisha mistari yake mitatu mbio mbio, naye Aleyamma anapanda ngazi kama msichana.

Anapika upya, neno kwa neno. Ngazi zimejaa watu, wengine wametoka hata idara ya matangazo. Tui jepesi linachemka. La katikati linafuata. Moto unazimwa, zito linaingia.

Halikatiki. Limetulia, zito, linang'aa.

"Peleka ukurasa!" anapaza sauti Aleyamma, na ngazi zinalipuka kwa makofi. Gopakumar, bila haya, anaomba bakuli la pili.

Sreedevi haombi payasam. Anachukua ile sufuria iliyoharibika.

"Hii naipeleka mwenyewe kwa wakubwa," anasema. "Waonje kwanza, ndipo tuzungumze habari ya kufunga jiko."

Anarudi baada ya nusu saa, sufuria mkononi, akicheka peke yake. Jiko limebaki.

Aleyamma anajifuta macho kwa ncha ya sari na kusingizia moshi. Miaka kumi na minne jina lake halijawahi kutokea jaridani, na sasa anataka mstari mmoja chini ya kila pishi: Limepikwa na Aleyamma.

"Mama mkwe wa binti yangu hasomi ila Nilavu. Huniita mpishi wa ofisi," anasema. "Acha anunue letu, alisome jina langu kwa sauti, halafu anipigie simu kuniuliza tui gani linatangulia."