Balbu Moja kwa Kila Nyumba

Kila Desemba mtaa wetu wa Kaloleni ulipungukiwa na watu. Waliopata likizo walifunga milango, wakabeba masanduku na watoto, wakaenda makwao mashambani. Tulibaki sisi tusioweza kuondoka: wenye zamu kazini, wenye wagonjwa, na mimi mshonaji, ambaye Desemba ndio mwezi wa kuinama kwenye cherehani kutoka alfajiri. Kila mtoto alitaka nguo mpya ya Krismasi, na kila mama alilikumbuka jambo hilo zikiwa zimesalia wiki mbili. Mume wangu alikuwa fundi wa mabomba ya maji wa kaunsili ya jiji. Mabomba hayajui sikukuu, kwa hivyo naye alibaki.

Sisi tuliobaki tulikuwa na starehe moja, kwenda mjini kuona taa. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Jioni moja tulikusanyika akina mama kama kumi na watoto wetu, tukashika barabara ya Jogoo kwa miguu, tukapita Muthurwa, mpaka zile barabara pana za katikati ya jiji ambako taa za rangi zilitundikwa juu ya miti na mbele ya maduka. Watoto walizitazama vinywa wazi kwa robo saa. Baada ya hapo wakaanza kulia miguu. Tulirudi nao mgongoni, sisi wenyewe tukiburuta viatu.

Tulipoingia mtaani tulimkuta mzee mmoja amesimama kwenye lango lake, amevaa miwani na kofia ya kufuma. Alikuwa fundi wa stima katika karakana ya reli, amebakiza miaka michache astaafu, na alitoka mji mdogo wa pwani, upande wa kaskazini. Alikaa na mkewe katika nyumba ya pembeni. Hakuwa mtu wa maneno. Watoto walimwogopa kwa sababu aliwafukuza kila walipotupia mawe taa za barabarani, na wazazi wao walimwogopa kidogo pia, ingawa hakuna aliyekubali.

"Mwatoka wapi na watoto wamechoka hivi?" akatuuliza.

"Mjini, Mzee," nikamjibu. "Tumewapeleka kuona taa."

"Taa?" Alitutazama mmoja mmoja. "Mmekwenda kwa miguu mpaka mjini kutazama balbu?"

Tukacheka kwa aibu. Yeye hakucheka.

"Kwetu twazitundika wenyewe," akasema. "Maulidi ikikaribia, kila nyumba hutoa taa yake, njia nzima ikang'ara. Wala hapana mtu wa kutoka nje ya mji kwenda kutazama."

Akafunga lango lake akaingia ndani. Tulidhani mambo yameishia hapo.

Kesho yake kwaya ya akina mama ilikuwa ikifanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa, nami nilikuwamo, sauti ya pili. Mzee akaja akasimama mlangoni, akangoja mpaka wimbo ukaisha. Akatuambia kwamba waya anazo, na holda za kushikia balbu anazo, amezikusanya miaka mingi katika masanduku chini ya kitanda. Angeweza kuuzungushia taa ukumbi wote, na mti ule mkubwa wa mbele. Alichokosa ni balbu. Kila nyumba iliyobaki itoe balbu moja, na baada ya mwaka mpya kila mtu atarudishiwa yake.

Mama mmoja wa kwaya, mwenye msimamo mkali kidogo, akasema, "Lakini Mzee, hii ni sikukuu yetu. Wewe ni Mwislamu."

"Taa haina dini, mama," akasema. "Ina waya mbili tu."

Hapo hata yule mama alitabasamu, na shauri likapita.

Mkewe ndiye aliyekusanya. Alipita mlango kwa mlango na kikapu alichokitandika leso, na kila balbu aliibandika kipande cha plasta chenye namba ya nyumba ili zisije zikachanganyika. Alipofika kwangu nilikuwa na rundo la nguo hadi magotini. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili na balbu mbili. Moja ilikuwa juu ya cherehani yangu. Ya chumba cha kulala ilikuwa imeungua wiki iliyotangulia, na duka la karibu lilikuwa limeishiwa, kwa hivyo niliiacha pale pale ilipo.

Sikufikiri sana. Niliona nguo zile zote ambazo hazijatiwa vifungo, nikaona jinsi nitakavyozimalizia kwa koroboi, moshi ukinichoma macho. Nikaingia chumbani, nikapanda kitandani, nikaitoa ile iliyoungua. Niliifuta vumbi kwa upindo wa gauni, nikampa.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akaiweka kikapuni taratibu kama yai.

Nilijiambia: katika balbu zote hizi, moja isipowaka, nani ataiona?

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mjane aliyeuza viazi sokoni. Watoto wa mtaa walimwita Mama Viazi, na sote tukafuata. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka saba. Nyumba yake ilikuwa na balbu moja tu inayowaka, na hiyo ndiyo aliyoitoa. Jioni ile nilipochungulia dirishani niliona mwanga mdogo wa koroboi kwake, na nikamsikia akimwambia mwanawe, "Stima yetu imeenda kwenye ukumbi. Utaiona Krismasi." Nikarudi kwenye cherehani yangu chini ya balbu yangu nzima. Sitasema nilishona vizuri.

Mzee alifanya kazi ile siku nne, kila akitoka karakana. Wanaume walimshikia ngazi. Watoto aliokuwa akiwafukuza aliwapa kazi ya kukusanya karatasi za peremende, nyekundu na kijani na njano, na mkewe akazifunga juu ya balbu kwa uzi. Nilipita pale siku moja kupeleka nguo, nikamsikia akiwaeleza wanaume alivyozifunga. Balbu zilikwenda mbilimbili, stima ikipita kwenye moja ndipo imfikie mwenzake, ili zisiwake kwa nguvu zote zikachoma karatasi. Alifuata namba za nyumba, jirani na jirani yake.

"Na moja ikiungua?" mtu akauliza.

"Na mwenzake hulala," akasema Mzee. "Ndiyo maana nataka nzima."

Nilisikia maneno yale vizuri kabisa. Nikaendelea na safari yangu.

Siku ya mkesha watu walijaa mbele ya ukumbi kabla jua halijazama. Walikuja hata kutoka mtaa wa Makongeni. Kwaya tulikuwa tumejipanga kwenye ngazi za mlango wa ukumbi. Kila kitu kilikuwa tayari, lakini Mzee alikuwa ameingia nyumbani kwake kuswali magharibi, na hakuna aliyethubutu kuigusa swichi. Basi umati wote ule, wengi wao Wakristo, ulisimama ukamngoja amalize swala yake. Watoto walinong'ona. Mama yule mkali wa kwaya ndiye aliyewanyamazisha.

Akatoka, akavuka uwanja bila haraka, akaingia ukumbini.

Taa zikawaka.

Hazikuwa kali kama za mjini. Zilikuwa na mwanga wa kadiri, wa kaa la moto linalofifia, lakini zilizunguka ukumbi mzima, zikapanda mti mpaka juu, nyekundu, kijani, njano. Mwanzoni hakuna aliyepiga kelele. Watu walivuta pumzi tu. Halafu vijana wakaanza, "Cheki! Cheki ile!" na watoto wakakimbia chini ya waya wakitafuta kila mmoja ya kwao, kwa maana walijua zimepangwa kwa namba.

Juu ya dirisha la tatu palikuwa na pengo jeusi. Balbu mbili hazikuwaka. Chini yake alisimama msichana wa Mama Viazi na gauni nililomshonea mimi mwenyewe.

"Mama," akasema, "yetu haiwaki."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, lakini sote tulio kwenye ngazi tulimsikia. Mama Viazi akaja akatazama juu. "Labda imechoka," akamwambia. "Ni ya zamani." Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba wengine hutoa vitu vibovu ili waonekane wametoa. Nilijua anamsema nani, na nilijua si yeye anayestahili. Nilitazama kitabu cha nyimbo, nisione hata neno moja.

Mzee akaomba ngazi. Akazima swichi, akapanda mwenyewe, akaifungua balbu ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa mwisho wa mbingu na kuitikisa karibu na sikio. Akairudisha. Akaifungua ya pili, akafanya vile vile. Hiyo hakuirudisha. Aliisoma plasta yake, akainua macho, na macho yake yakanikuta pale kwenye ngazi. Ilikuwa nukta moja tu. Akabandua plasta, akaitia mfukoni pamoja na balbu, akamwita mkewe amletee ya sebuleni kwao.

"Imekufa njiani," akawaambia watu. "Hutokea."

Taa zilipowaka tena pengo halikuwapo. Msichana yule aliruka ruka mpaka kiatu kikamtoka. Tukaimba. Nadhani niliimba.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kwenda kanisani, nilikwenda kwa Mzee. Nilimkuta uani anakunywa kahawa. Sikukaa.

"Mzee, balbu ya nyumba yangu haikufa njiani," nikasema. "Niliitoa ikiwa imeungua, na nilijua."

"Najua, mwanangu. Iliyoungua zamani huwa nyeusi ndani ya kioo."

"Mbona basi hukusema?"

"Niseme nini? Watu walikuja kutazama taa. Hawakuja kukutazama wewe." Akanywa fundo moja. "Mimi sikudai kitu. Lakini yule jirani yako jana alisemwa. Nimesikia. Kumsafisha ni kazi yako. Siwezi kukufanyia."

Nilikuwa nimekuja kwake nikitarajia aidha anifokee au anisamehe, ili nirudi nyumbani mwepesi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinionyesha mlango wa pili.

Mama Viazi alikuwa akimsuka mwanawe kwenye kizingiti. Nikamweleza yote, pamoja na yale niliyomsikia Mzee akiwaeleza wanaume, kwamba balbu moja ikiungua na mwenzake hulala. Mikono yake ilisimama katika nywele za mtoto.

"Kwa hivyo yangu ilikuwa nzima?" akauliza.

"Ilikuwa nzima."

Alimgeuza mwanawe uso kwa uso. "Umesikia? Balbu yetu ilikuwa nzima."

Yule mtoto akanitazama kwa macho makubwa, nami nikaondoka. Kanisani, wakati wa matangazo, nilisimama nikayarudia yale yale mbele ya watu wote, kwa sababu nilijua aliyenong'ona yuko ndani. Mume wangu hakuwa na habari. Alikaa ameinamisha kichwa, kisha nilipoketi akanishika mkono.

Mama Viazi alinisalimia kwa mkato mpaka katikati ya Januari. Sikumlaumu. Siku moja akaja na kitambaa cha sare ya shule, akakitupa juu ya cherehani, akasema, "Acha nafasi ya kushusha upindo, huyu anarefuka upesi." Nikajua tumeanza kupatana.

Taa zile zilikaa mpaka mwaka mpya, na balbu zote zikarudi kwenye nyumba zake. Krismasi iliyofuata Mzee hakulazimika kuomba. Watu walioahirisha safari za mashambani ili waone taa kwanza walikuwa wengi, na balbu zilizidi holda. Ramadhani iliyofuata ilipoisha, kwaya ilipanga bila kumshauri. Alipotoka nyumbani akiwa na kanzu yake ya Idd alikuta uzio wake umezungushiwa taa kutoka pembe hadi pembe, kazi ya Mama Viazi na mimi na yule mama mkali. Alizikagua zote, waya kwa waya, mikono nyuma.

"Nani kafunga hapa?"

"Mimi," akasema Mama Viazi.

"Umefunga ovyo." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka mpaka akaivua miwani.

Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya themanini akarudi kwao pwani. Tulimsindikiza stesheni, watu wengi mno hata askari wa stesheni akauliza ni kiongozi gani anayesafiri. Mtaa uliendelea na taa zake miaka kadhaa baada yake, kisha wengi wetu tukahama, na waliokuja wakawa na yao. Mimi nimekaa mitaa mingine tangu wakati huo, na nimekutana na watu wengi wakarimu. Sijakutana na mwingine aliyeweza kumwona mtu katika kosa lake, mbele ya umati, akalitia mfukoni, halafu kesho yake asimpunguzie hata chembe ya kazi iliyobaki.