Kivuli cha Saa Nne

Siku hizi chupa za spiriti kwenye rafu ya kinyozi zimetulia. Kwa miaka minne, kila ilipofika saa nne asubuhi, zilianza kugongana taratibu, ting, ting, ting, na mteja aliyekuwa kitini aliinua jicho kwenye kioo na kuuliza kama kuna tetemeko la ardhi.

"Ni mke wangu," kinyozi alijibu, bila kusimamisha mashine ya kunyolea. "Ameingia kona."

Ng'ambo ya ukuta ilikuwa karakana ya mkewe. Alishona viti vya magari, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe alimwita hivyo, hasa akiwa na hasira. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba cha kuwekea sponji, na humo ndimo alimojenga kitu walichokiita "mashine": fremu ya kitanda cha chuma, meza ya cherehani iliyokufa, usukani wa kompyuta uliofungwa kwa boliti juu ya meza, pedali tatu kwenye ubao, na televisheni. Usukani ule ulikuwa na mota ndani yake. Gari la kwenye kioo cha televisheni lilipoteleza, uligombana na mikono ya Fundi kama mbuzi anayekataa kamba, na mtetemo ukapita kwenye meza, ukaingia ukutani, ukatokea kwenye rafu ya spiriti. Kiti alikishona mwenyewe. Kilikuwa chembamba, cha kubana kiuno, sponji yake haizidi unene wa kidole.

Fremu ipo mpaka leo, na usukani upo. Kiti ndicho hakipo.

Mashine ilikuja baadaye. Mwanzo lilikuwa gari. Fundi alikuwa na miaka arobaini na saba alipolikuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu: gari dogo la viti viwili, kijani kilichopauka, paa lake la turubai limeoza mpaka paka alikuwa amezalia ndani. Alilipata kwa bei ya pikipiki mbili kuukuu. Aliwahamishia paka kwenye boksi, akashona paa jipya kwa wiki moja, na wiki iliyofuata hakulifunga hata mara moja, maana anga lilikuwa jeupe.

"Sasa watoto watakaa wapi?" aliuliza mwalimu mstaafu, mteja wa kinyozi wa kila Jumanne, ambaye kila kitu alikiuliza kama anasahihisha daftari.

"Watoto wameshaolewa, Mwalimu," Fundi alijibu.

"Na mizigo?"

"Ipande basi."

"Na mvua?"

"Mvua ikinyesha, nitalowa. Kwani wewe hujawahi kulowa?"

Fundi alikuwa na maneno yake kuhusu magari, na aliyatoa bila kuombwa, pini zikiwa mdomoni. Alisema gari kubwa unalipanda, dogo unalivaa. Kwamba wenye magari ya nguvu za farasi mia nne wanaendesha farasi arobaini tu, waliobaki wanakula bure. Kwamba gari jepesi, la gia za mkono, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, linakufundisha adabu kwa mwendo ambao hautakuua, na kwamba raha hiyo haikupaswa kuwa ya matajiri hata siku moja. "Wameifanya ionekane ghali," alisema, "ili sisi tuione haituhusu."

Kinyozi hakulipenda lile gari. Alikuwa na upara, na kinyozi mwenye upara, akipitishwa mjini ndani ya gari lisilo na paa, anakuwa tangazo baya la biashara yake mwenyewe. Pia alilalamika mgongo. Ndipo Fundi akavivua viti vyote viwili, akavijaza sponji nene laini, akavivika ngozi bandia ya rangi ya maziwa. Kinyozi alikaa, akanesa, akakiri kwamba ni kama kukaa juu ya mkate. Hakuna aliyejua siku ile kwamba ukarimu huo ungekuja kumgharimu mkewe.

Mkwe wao, mume wa binti mkubwa, alikuwa mpima ardhi. Yeye ndiye aliyeleta balaa la kompyuta. Nje ya mji kulikuwa na kiwanja cha ndege cha zamani ambacho chama cha mbio za magari kilikigeuza uwanja wa mbio, na mnara wa kuongozea ndege bado ulisimama pale, umepasuka vioo. Mkwe aliupima uwanja wote kwa vyombo vyake, akaupiga picha asubuhi moja, kisha akauingiza ndani ya mashine kona kwa kona, kama zawadi. Jua la mle ndani lilikuwa jua la saa ile aliyopiga picha, saa nne, na halikusogea kamwe.

"Mama, umeendesha mizunguko elfu moja mia sita," alimwambia siku moja, akisoma kwenye kioo.

"Na bado kona ya mnara inanidharau."

Kona ya mnara ilikuwa mwisho wa njia ndefu iliyonyooka. Huko ndiko gari lilikokuwa na kasi kuliko mahali pengine popote, na huko ndiko waoga na wajinga walikotenganishwa. Siku moja alimkalisha mumewe kwenye mashine kwa nguvu.

"Nenda, nenda, nenda. Unaona kivuli cha mnara kimekatiza lami? Ukikanyaga kivuli, kanyaga breki."

Kinyozi aliugonga mnara wenyewe.

"Umekufa," Fundi alisema. "Chukua chai, urudi tena."

Mwenyekiti wa chama cha mbio alileta gari lake kushonewa viti mwezi ule ule. Alikuwa muuza matairi, mtu wa cheko kubwa. Fundi alimpima kiti kwa futi, akaiandika ile namba, kisha akauliza, kama anayeuliza rangi ya uzi, kadi ya udereva wa mashindano inapatikanaje.

"Ya mwanao?"

"Yangu."

Mwenyekiti alicheka mpaka kinyozi, aliyekuwa mlangoni kwake akikung'uta taulo, akageuka. "Mama, nasikia una ule mchezo wa kompyuta. Mle hakuna anayekufa."

"Mchezo ni karata," Fundi alisema. "Mimi mle nimekufa mara mia tatu. Kila kosa mnaloliogopa ninyi nimeshalifanya, nikalitazama, nikalirudia kusudi. Wewe umeshawahi kurudia kosa lako mara mbili kwa siku moja?"

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na nne na miezi kumi na moja."

Mwenyekiti alitabasamu tabasamu la mtu aliyeshika karatasi. Kadi mpya haitolewi kwa aliyetimiza hamsini na tano. Jaribio ni mara moja kwa mwaka, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwezi huu.

"Basi nina muda wa kumaliza viti vyako," Fundi alisema, akarudisha pini mdomoni.

Jioni, mezani, kinyozi alijaribu. Alisema watu watacheka. Alisema mwili wa mtu si wa kompyuta. Mwishoni akasema lile lililokuwa moyoni: "Na ukiumia?"

"Wewe ulishamkata mteja sikio."

"Kidogo."

"Uliacha kunyoa?"

Kinyozi alirudi kwenye sahani yake. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka thelathini na moja, na alijua kwamba akishaweka uzi kwenye sindano, hata nyumba iungue, mshono utafika mwisho.

Jaribio lilikuwa mizunguko kumi. Ndani yake, mitano mfululizo iwe chini ya dakika moja na sekunde hamsini. Ukitoka nje ya lami mara moja, umesamehewa. Mara ya pili, unakwenda nyumbani. Fundi aliomba zamu ya saa nne asubuhi, na akapewa. Mwalimu mstaafu, akinyolewa Jumanne ile, alisema kwa sauti ya kupita ukutani kwamba atakuja mwenyewe kusahihisha.

Lakini Jumamosi, saa nne ilipofika, mwenyekiti na rafiki zake walikuwa wanazunguka uwanjani na magari yao makubwa. "Tunaipasha lami moto," alisema alipoulizwa. Waliipasha mpaka mchana, wakala chakula, wakaipasha tena. Fundi alikaa ndani ya gari lake la kijani, kofia ngumu mapajani, nguzo ya chuma iliyochomelewa nyuma ya kichwa chake kwa amri ya chama ikimuunguza shingo. Hakulalamika. Kinyozi alikuja mbio kutoka dukani na koti lake jeupe la kazi, nywele za mteja bado mabegani, na akamkuta hajaanza.

"Wanakuchosha kusudi," alisema.

"Najua. Nimeshona viti vyake, najua uzito wake."

Saa tisa alasiri wakamwita.

Mzunguko wa kwanza alikwenda taratibu kupasha matairi, na mtu anayekwenda taratibu hahitaji alama. Wa pili aliliachia. Kinyozi, kwenye uzio, alilisikia lile gari dogo likiimba kwenye njia ndefu, sauti nyembamba, ya hasira, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba anaipenda sauti ile. Kisha akaona kwamba halipunguzi mwendo. Likafika mahali pa kupunguza, likapita. Magurudumu yakafunga, moshi ukatoka, gari likaingia mchangani likizunguka, likatulia limegeukia lilikotoka.

Kipaza sauti kilikohoa. "Mara moja," kilisema. Watu wakacheka. "Bonyeza kitufe uanze upya, Mama!" mmoja alipaza sauti.

Kinyozi hakucheka wala hakuona aibu, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Alikuwa anatazama lami. Lami ilikuwa tupu, inang'aa. Kivuli cha mnara kilikuwa kimelala upande wa pili kabisa, kwenye majani, kikielekea mashariki. Mkewe alikuwa ameendesha mizunguko elfu moja mia sita chini ya jua lisilosogea, na leo alikwenda mpaka kwenye kona akisubiri kivuli ambacho kilikuwa kimeondoka tangu mchana.

Hakumwambia mtu. Alianza kutembea kando ya uzio, kisha akakimbia, mbio za mtu wa miaka sitini mwenye viatu vya dukani, mpaka mahali alipokumbuka kivuli kilipokuwa siku ile alipougonga mnara kwenye mashine. Akasimama hapo nje ya waya, kwenye njia ya watu, koti lake jeupe likipepea, mikono imebana mapaja.

"Mwenye koti jeupe, ondoka hapo," kipaza sauti kilisema.

Kinyozi hakuondoka.

"Wewe mwenye koti! Unasikia?"

Alikuwa anasikia vizuri sana. Njia ile ni ya watu wote, na yeye alikuwa mtu.

Mzunguko wa tatu: dakika moja na sekunde hamsini na sita. Wa nne, hamsini na mbili. Wa tano, hamsini na moja. Imebaki mitano, na mitano ndiyo iliyotakiwa. Wa sita gari lilipita mbele yake kwa kishindo cha upepo kilichomfunga macho. Arobaini na tisa. Wa saba, arobaini na tisa. Wa nane, arobaini na nane, na mahali fulani Mwalimu akapiga kelele "Vema!" kama yuko darasani. Wa tisa, arobaini na tisa. Wa kumi gari liliyumba mkia kwenye kona, likakamatwa, likaenda.

Kipaza sauti hakikusema kitu.

Kinyozi alirudi umbali ule wote kwa miguu. Alipofika, mwanamke mshika saa alikuwa ameshika karatasi mbele ya mwenyekiti. Arobaini na tisa, na sehemu tisa za kumi.

"Iko chini ya hamsini," mshika saa alisema.

"Najua kusoma," mwenyekiti alisema, akatia saini. Kisha akamgeukia Fundi. "Kwa hilo gari, Mama, utakuwa wa mwisho kila mbio."

"Wa mwisho naye huwa anaandikwa kwenye karatasi. Wewe niandike."

Walirudi nyumbani paa limeshushwa, upara wa kinyozi ukiwaka jua la jioni mbele ya mji mzima. Walipofika kwenye mtaa wao ndipo Fundi akasema, "Nilikuona."

"Nilisimama palepale penye kivuli."

"Ulisimama pabaya. Hatua kumi na mbili kabla. Lakini hukutikisika, kwa hiyo nilikuwa nikikupita, nahesabu moja, ndipo nakanyaga." Alibadili gia. "Na hivi viti vyako vya mkate. Kwenye mashine nalisikia gari kwa makalio kabla halijateleza. Leo nilikuwa kiziwi. Nimejishonea uziwi kwa mikono yangu, kwa sababu ya mgongo wako."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"La kwetu sote. Kesho nakifungua kile cha mashine, nakiweka humu."

Alikifungua kesho yake, saa nne asubuhi, na tangu siku hiyo chupa zikanyamaza.

Mwalimu bado huja kila Jumanne, na huuliza matokeo. Kinyozi huyasoma kwenye karatasi aliyoibandika pembeni ya kioo, mahali palipokuwa na picha za mitindo ya nywele: wa kumi na nne, wa kumi na nne, wa kumi na tatu, wa kumi na moja. Kiti cha abiria hakipo tena garini, kimetolewa kupunguza uzito, kwa hiyo yeye huenda kwenye mbio kwa basi, na koti lake jeupe kwenye mfuko.

Fundi sasa ana miaka hamsini na sita. Karakana yake hufunguliwa Jumatatu hadi Alhamisi. Jumamosi hii yuko kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, gari la kijani, ataanza wa tisa kati ya magari kumi na manne.