Nani Ataifunga Mashine

Mikono ya mkunga huyu ilijulikana kuliko sura yake. Wanawake waliojifungulia kwake wangeweza kupishana naye sokoni wasimtambue, kwa kuwa amevaa nguo za nyumbani na kilemba. Lakini akinyoosha mkono kuchagua nyanya, wakaviona vidole vile virefu na kucha zilizokatwa mpaka mwisho, walisimama hapo hapo wakamwita dada, wakamwonyesha mtoto.

Mikono hiyo ndiyo iliyougua. Ilianza kwa ukavu katikati ya vidole, kisha ngozi ikachanika kwenye viungo, ikawa kila akikunja ngumi anauma meno. Daktari wa ngozi akamwambia ni ukurutu. Kazini hana njia ya kukwepa kunawa, kwa hiyo akwepe sabuni nyumbani. Alijaribu glavu za mpira, jasho la ndani likamzidishia mwasho. Hapo mumewe akamletea mashine ya kuoshea vyombo, kuukuu lakini nzima, aliyoachiwa na mteja aliyekuwa anahama.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mashine za kufulia na kila chenye mota na waya. Mtaani walimwita Mfufuaji. Watu walimletea vitu ambavyo mafundi wengine walishavikatia tamaa, naye alivirudisha vikinguruma.

Mama yake Mfufuaji, aliyeishi nao, aliipenda mashine ile kuliko wote. Aliibandika jina la Mkwe Mdogo. "Huyu hanuni," aliwaambia wageni, "hana ndugu wa kuja kukaa mwezi mzima, na ukimfungia mlango anafanya kazi." Mkunga alicheka kila alipoyasikia hayo, japo alishayazoea.

Lakini Mkwe Mdogo alizeeka. Alianza kuvuja kwa chini. Kisha ikawa akiwashwa, baada ya muda swichi kuu ya nyumba inajizima na kila kitu kinanyamaza, jokofu na redio na yeye mwenyewe. Mfufuaji alimfungua, akamfunga, akamfungua tena.

"Tutafute nyingine," mkunga akamwambia.

"Mimi nawafufulia watu mashine zao, halafu kwangu ninunue mpya? Watasema nini?"

"Watasema umenunua mashine."

Mfufuaji hakucheka. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, aliitoa ile swichi kuu, aliyoiita yenye woga, akaweka nyingine isiyojizima hovyo. Mashine ikafanya kazi bila kukatika. Akaondoka akipiga mluzi.

Mchana wake mkunga alikuwa amelala, ametoka zamu ya usiku. Aliamshwa na mlio wa vyombo kuvunjika, kisha kimya. Alikimbilia jikoni. Mama mkwe alikuwa chini, chali, kwenye maji yaliyotoka chini ya mashine, na mlango wa mashine uko wazi. Macho yalikuwa yamefumbuka lakini hayamtazami mtu.

Mkunga aliinama amshike. Mkono ulikuwa umeshafika karibu na bega la mama alipoona kwamba maji yale yamefika mpaka kwenye vidole vya miguu yake mwenyewe. Akajirudisha nyuma. Swichi kuu ilikuwa ukumbini, nyuma ya mlango. Aliifikia, akaizima, akarudi, na muda wote huo mama alikuwa peke yake sakafuni. Hilo ndilo lililomkaa moyoni baadaye. Kazi yake ilikuwa kushika watu, na pale alimwacha mtu akakimbia.

Mama alikuwa hai. Aliporudiwa na fahamu alisema, "Mkwe Mdogo kanisukuma," kisha akaanza kulia kwa sababu ya mkono. Ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Hospitali walimfunga plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko, wakamsikiliza moyo, wakamruhusu arudi nyumbani.

Mfufuaji alirudi akakuta habari zimeshamtangulia. Aliingia jikoni, akaichomoa mashine, akaiburuta peke yake mpaka nyuma ya nyumba, akaifunika turubai. Jioni hiyo alimlisha mama yake kwa kijiko, na mama alikula akitazama pembeni.

Hakuna aliyesema neno la lawama, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nyumba ile iliyozoea utani ikawa ya kuulizana chumvi iko wapi. Vyombo, ambavyo mama alikuwa akiosha kila mashine ilipoharibika, sasa havikuwa na mwenyewe. Mfufuaji aliviosha asubuhi na usiku, lakini mchana alikuwa kwenye nyumba za watu, na watoto wao wawili walikuwa bado wadogo wa kupanda kigoda ndipo wafikie bomba. Mkunga akawa anaosha. Alijikaza, akajiambia ni sahani chache tu.

Siku moja wodini alivua glavu, msimamizi wake akaona damu ndani. Alimwita pembeni, kwenye chumba cha mashuka.

"Dada, fungua viganja."

Mkunga akafungua.

"Siwezi kukuacha umguse mzazi na mikono hii. Ni hatari kwake na kwako. Pumzika mpaka zamu mpya zitakapopangwa. Ukirudi ikiwa hivi hivi, nitakupeleka masjala ukapange mafaili."

"Mimi si mtu wa mafaili."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Alipofika nyumbani alimwambia mumewe tunakwenda dukani, na aliposema hivyo hakuwa anaomba. Mfufuaji akaitikia kwa kichwa. Aliyewashangaza ni mama. Alitoka chumbani amejifunga mtandio, mkono wa plasta kifuani.

"Mama, wewe unakwenda wapi?"

"Nataka niione kabla haijaniona."

Dukani mashine zilipangwa ukutani, nyeupe na za rangi ya fedha, milango wazi. Mfufuaji alikwenda moja kwa moja kwenye kubwa kuliko zote, yenye vitufe vingi na taa za buluu. Alikuwa na haraka ya mtu anayetaka kulipia kosa. "Hii," akasema.

Mkunga alitoa uzi mfukoni. Alikuwa ameupima jikoni, kati ya jiko na ukuta, akaufunga fundo. Aliunyoosha mbele ya ile kubwa. Haikuingia.

"Nitahamisha jiko," Mfufuaji akasema.

"Huhamishi kitu."

Akaenda kwenye nyembamba iliyokuwa mwisho wa safu. Uzi ukatosha. Akamuuliza muuzaji kuhusu kelele, kwa kuwa yeye hulala mchana. Muuzaji akaiunganisha maji na umeme, akaiwasha. Ilisikika kama mtu anayekoga chumba cha pili. Mkunga akavuta rafu ya chini, akaona sufuria yao kubwa itaenea ikilazwa ubavu. Mfufuaji alikuwa ameinama nyuma yake, anapapasa mpira wa maji na kusoma kibandiko, na kwa mara ya kwanza tangu mama aanguke uso wake ulikuwa na uhai.

Mama hakusogea karibu. Alisimama mbali kidogo, akamuuliza muuzaji, "Hii ikitaka kuua mtu, inaanzia wapi?"

Muuzaji alicheka, akaona wateja hawacheki, akanyamaza. Akaeleza kwamba maji yakivuja inajizima yenyewe. Mama akasikiliza kama shahidi mahakamani.

"Basi ni hii," mkunga akasema. "Nani anakuja kuifunga?"

"Tuna fundi wetu. Ila naona mzee mwenyewe ni fundi, maana anavyoikagua—"

"Aje fundi wenu."

Mfufuaji aliinuka polepole. Alimngoja muuzaji aondoke kwenda kuandika risiti. Kisha alisema kwa sauti ya chini, kati ya mashine zile zilizoachama, "Unanivua nguo mbele za watu."

"Sikuvui."

"Jina langu mtaani unalijua. Leo fundi mwingine aingie jikoni kwangu aje kufunga mpira wa maji?"

"Nilimkuta mama yako sakafuni nikashindwa kumshika." Mkunga akaukunja uzi kiganjani. "Nilimwacha pale. Sijui kama unaelewa. Kila nikiingia jikoni sasa natazama kwanza miguu yangu. Mashine nitaitumia, lakini ukiifunga wewe, sitaigusa."

Mfufuaji alimgeukia mama yake, pengine akitafuta upande. Mama alikuwa anaitazama plasta.

"Mwache fundi aje, mwanangu," akasema.

Alikuja kesho yake, mwanamke wa makamo mwenye begi zito na miwani ya kamba shingoni. Alisalimia, akavua viatu mlangoni, akavaa vingine vya mpira. Mfufuaji alikaa kwenye kiti cha ukumbini, ambapo angeweza kuona bila kuonekana anaona. Yule mwanamke hakuigusa mashine. Alichomeka kifaa kidogo kwenye soketi, akakitazama, akakichomoa, akakichomeka tena. Kisha akaifungua soketi, akamulika ndani kwa tochi.

"Hapa siifungi," akasema.

"Kwa nini?" mkunga akauliza.

"Hakuna ethi. Yaani ule waya unaotakiwa kuupeleka umeme ardhini unapovuja. Naona kipande chake ukutani, lakini hakiendi kokote. Kitu chochote kikiharibika hapa, umeme utamsubiri mtu." Akavua miwani. "Nani alifunga umeme humu?"

Mkunga alijikuta anatazama sinki. Mama alikuwa mlangoni. Jiko lile lilijengwa baadaye, kwa nyuma, na ingekuwa rahisi kusema kulikuwa na fundi fulani, alishahama, hata jina lake tumelisahau. Mkunga aliusubiri uongo huo, na alijua kwamba ukisemwa, hataweza tena kulala nyumba ile kwa amani.

Mfufuaji alisimama ukumbini. "Mimi," akasema.

Akaja mpaka mlangoni. "Ni mimi niliyefunga. Siku ile waya uliniishia. Nikasema nitarudi kuumalizia, nikapiga plasta juu."

Fundi yule hakumkaripia. Alirudisha kifaa chake begini. "Basi rudi," akasema. "Ukimaliza nipigie."

Siku hiyo Mfufuaji hakwenda kazini. Alibomoa ukuta kwa patasi kuanzia kwenye soketi mpaka nje, vumbi likaingia hadi kwenye mashuka. Alivuta waya mpya, akapigilia nondo ya shaba ardhini nyuma ya nyumba, mahali palipo na unyevu. Mama alikaa dirishani akimwangalia muda wote, na mara moja tu alimwambia, "Kunywa maji." Alikunywa.

Fundi wa duka alirudi, akapima, akaridhika, akaifunga mashine. Mfufuaji alimshikia tochi. Walizungumza kidogo kuhusu nondo na aina za udongo, mazungumzo ya watu wa kazi moja, kisha mwanamke yule akaenda zake.

Mkunga alipanga vyombo, akaibonyeza. Walisimama jikoni wote watatu wakiisikiliza ikijaza maji, ikikoga, ikimwaga. Hakuna aliyekaa. Ilipolia kuashiria imemaliza, hakuna aliyesogea. Mkunga alinyoosha mkono.

"Subiri," Mfufuaji akasema. Aliupitisha mgongo wa mkono wake kwenye mlango, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akaufungua. Mvuke ukawapiga usoni.

Viganja vya mkunga havikupona mara moja. Zamu mpya zilipopangwa bado vilikuwa vyekundu, ila nyufa zilikuwa zimeziba. Msimamizi alivigeuza mara mbili mbili, akamwandika zamu za mchana tu, kwa majaribio. Hakupelekwa masjala. Mama alitolewa plasta, na hadi leo haigusi mashine ile. Huwatuma watoto, na yeye husimama nyuma yao akilalamika kwamba bilauri zimepangwa vibaya.

Kwa muda fulani Mfufuaji alianza kuchelewa kurudi. Mkunga alivumilia, mwisho akamuuliza, sahani ya chakula iko mezani imeshapoa.

"Unatoka wapi?"

Mfufuaji alinawa vumbi la saruji mikononi. "Kuna nyumba niliwahi kufunga umeme, kule juu. Nimekwenda kuiangalia."

"Ikoje?"

"Nimebomoa ukuta."

"Wamekulipa?"

"Wanilipe nini?"

Mkunga akaichukua ile sahani kwenda kuipasha moto. "Ziko ngapi kama hizo?"

"Sijui," Mfufuaji akasema. "Nakumbuka moja moja."